Vifusi vya Lubumbashi: Kumbukumbu ya Namna Mji Ulivyotunza na Ulivyotupa Vifaa vya Ujenzi

Taka za ujenzi, yaani vifaa vilivyochimbwa, kuchomwa au kununuliwa kwa ajili ya jengo na hatimaye visiingie katika jengo hilo, zina historia yake katika mji wa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na historia hiyo haifuati utajiri wa mji kwa namna ambayo mtu angeidhania. Miaka ambayo fedha zilikauka ndiyo miaka ambayo nusu ya tofali ilitafutiwa kazi, na miaka ambayo fedha zilirejea ndiyo miaka ambayo vifusi, yaani mchanganyiko wa matofali yaliyovunjika, zege na lipu, vilianza kuonekana kando ya kila barabara na ndani ya mifereji ya maji ya mvua. Kumbukumbu hizi ni za watu waliokulia katika komini, yaani sehemu za kiutawala za mji, za Kenya, Kamalondo na Katuba, na mwandishi wa kurasa hizi ni mmoja wao.

Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipowasili, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa chini ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Reli ilileta mashine na mabati, lakini kuta zilitegemea vitu viwili vilivyokuwa jirani: udongo wa vichuguu na kuni za miombo, yaani msitu wa miti iliyotawanyika ambao ndio uoto wa asili wa nyanda za Katanga. Vichuguu vya huko si vidogo, kwani kimoja huweza kupita mita 5 kwenda juu, na udongo wake, ambao mchwa wameupandisha kutoka chini punje kwa punje, una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayouzunguka, kwa hiyo hushikana vizuri ukifinyangwa. Matofali hupigwa kwa kalibu ya mbao, hukaushwa, kisha hupangwa yenyewe kuwa tanuri lenye matundu ya kuni upande wa chini, ambalo hukandikwa matope kwa nje na kuwashwa moto kwa siku kadhaa. Yaliyo pembeni kabisa hutoka hayajaiva na hulainika mvua ikiyapiga, ilhali yaliyo karibu na moto huungua na kupinda, kwa hiyo upotevu huanza kabla tofali halijapakiwa kwenye gari. Jambo hili halizingatiwi inavyostahili: tofali linalovunjwa kwa kumwagwa kutoka garini limekwisha kula kuni, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameeleza mara nyingi jinsi miombo inavyozidi kurudi nyuma kutoka pembezoni mwa mji kwa sababu ya makaa, mashamba na matanuri.

Katika kambi za wafanyakazi za Union Minière, na baada ya mwaka 1967 katika kambi hizo hizo chini ya Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi, vifaa vilitunzwa kwa nidhamu ambayo wazee bado wanaitaja. Kila kiwanja cha ujenzi kilikuwa na ghala lenye mlango, na kila ghala lilikuwa na mtunzaji na daftari. Saruji ilipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu mfuko uliolazwa kwenye sakafu tupu huvuta unyevu na kugeuka jiwe, na fundi alipewa mifuko ya kazi ya siku hiyo tu. Ni haki pia kusema kwamba nidhamu hiyo ilikuwa mali ya kampuni, haikuwa ya mafundi, kwani ilisimama juu ya hofu ya kufukuzwa kazi, na wengi walioitekeleza hawakuwahi kuelezwa sababu zake. Ndiyo maana haikuishi muda mrefu baada ya kampuni yenyewe kudhoofika.

Udhoofu huo ulikuja kwa kasi. Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilitoa takriban tani 476,000 za shaba, iliporomoka baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990, na mnamo Oktoba 1991 uporaji ukaikumba Lubumbashi, ukaacha maduka na maghala yakiwa matupu. Katika miaka iliyofuata saruji ikawa kitu cha kununuliwa kwa bakuli, na hapo ndipo mji ulipojifunza upya kutunza vifaa, safari hii bila msimamizi. Watoto walikaa kivulini wakinyoosha misumari iliyopinda, msumari mmoja ukilazwa juu ya jiwe na kugongwa huku ukizungushwa taratibu, kisha ikatengwa kwa urefu katika mikebe ya maziwa. Kuta zilizoanguka zilichambuliwa tofali kwa tofali, na mafundi wakatambua tofauti ambayo vitabu vya uhandisi huitaja pia: ukuta uliojengwa kwa udongo huachia matofali yake yakiwa mazima, lakini ukuta uliojengwa kwa mota yenye saruji nyingi, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaoshikisha matofali, hung'ang'ania hadi tofali lenyewe livunjike, kwa sababu mota hiyo ni ngumu kuliko tofali la kuchomwa kwa kuni. Vipande vilivyobaki vilipondwa na kushindiliwa chini ya sakafu. Nyumba nyingi za Katuba zilizosimamishwa wakati huo zina ndani yake vipande vya nyumba nyingine tatu au nne.

Hata hivyo kipindi hicho hakistahili kusifiwa chote. Biashara ya mitraye, yaani vyuma chakavu vinavyouzwa kwa kilo, ilianza kwa kuokota mabaki, kisha ikageuka kung'oa nyaya, mabomba na fremu ambazo bado zilikuwa zikifanya kazi, na pale ambapo kutumia tena kunalazimu kubomoa kitu kizima, neno sahihi ni uharibifu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa wawekezaji, na ujenzi ukashika kasi ambayo mji haukuwa umeiona tangu enzi za ukoloni. Tofali la kuchoma likapata mshindani, yaani tofali la saruji, malori ya saruji yakapanga foleni mpakani Kasumbalesa yakitokea Zambia, na upotevu ukarudi ukiwa mkubwa kuliko wakati wowote. Sababu zake ni za kawaida mno, na kwa hiyo zinakera. Nondo huuzwa zikiwa na urefu wa mita 12. Fundi anayehitaji vipande vya mita 5 hupata viwili na kubakiwa na mita 2, na asipokuwa na orodha ya mikato, yaani karatasi inayoonyesha mapema urefu wa kila kipande kinachohitajika katika jengo lote, huitupa hiyo mita 2 pembeni, kisha kesho yake hukata nondo mpya ili apate kipande cha mita 1.5 cha linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Mchanga humwagwa barabarani, na mvua moja ya Desemba huupeleka mferejini. Mota huchanganywa nyingi asubuhi, na baada ya saa mbili hivi huanza kushika. Fundi huiongezea maji ili ilainike, jambo linaloidhoofisha, au huitupa. Na mwenye nyumba akibadili mawazo kuhusu mahali pa mlango baada ya ukuta kupanda, hakuna ustadi wa fundi utakaookoa matofali hayo. Sehemu kubwa ya taka huzaliwa katika mchoro na katika ghala, na rundo la vifusi huonyesha tu kilichokwisha kutokea.

Vifusi hivyo wananchi huvitumia kuziba mashimo ya barabara za udongo wakati wa masika, na kazi hiyo ni njema pale vinapokuwa matofali na zege tupu. Tatizo ni mchanganyiko, kwa kuwa mifuko ya saruji, plastiki na vigae vya vioo huenda pamoja navyo, na maji hukosa njia. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira inakabidhi taifa, majimbo na mamlaka za mitaa jukumu la kuhakikisha taka zinashughulikiwa ipasavyo. Katika Umoja wa Ulaya, ambako ujenzi na ubomoaji hutoa zaidi ya theluthi ya taka zote, nchi wanachama ziliwekewa lengo la kutumia tena, kuchakata upya au kurejesha matumizini kwa njia nyingine asilimia 70 ya taka hizo zisizo za hatari ifikapo mwaka 2020, na hatua ya kwanza ya lengo hilo haihitaji mashine yoyote: ni kutenganisha taka pale pale zinapotokea.

Lubumbashi ina sababu ya ziada ya kutenganisha. Udongo wa Penga Penga na wa mitaa mingine iliyo upande ambao moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa ukipeperushiwa umethibitishwa kuwa na shaba, risasi, kadimiamu na aseniki kwa wingi, kwa hiyo haufai kufyatulia matofali wala kujazia viwanja vya watoto; na paa za zamani za saruji yenye nyuzi za asbesto, ambazo zikivunjwa hutoa vumbi linalodhuru mapafu, hazipaswi kupondwa kama kifusi cha kawaida. Mji huo huo unajua pia thamani ya kile kilichotupwa. Mlima mweusi wa mabaki ya uyeyushaji unaoonekana kutoka kila upande wa mji umekuwa ukichakatwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kobalti yake imesafirishwa hadi Kokkola, Finland, na mwaka 2024 mzigo wa kwanza wa jemaniamu, madini yanayotumika katika vifaa vya elektroniki, ulipelekwa Ubelgiji.

Ikiwa rundo la kampuni lilipewa wataalamu, vipimo na mikataba, basi marundo ya wananchi yanastahili angalau eneo moja katika kila komini ambako vifusi safi vitapokelewa, kupangwa na kuchukuliwa na anayevihitaji. Mamlaka za mji zinaombwa kuyatenga maeneo hayo kabla ya mvua za Novemba, na wenye nyumba wanaombwa kudai orodha ya mikato na ghala linalofungwa kabla ya kulipia nondo ya kwanza.