Sauti ya Daktari Asiye na Jina

Wapendwa wa nyumbani, salamu kutoka Birmingham.

Aprili 2020 mnara mmoja wa simu uliteketea hapa mjini, siku zilezile mitandao ilipokuwa ikivumisha kwamba mawimbi ya 5G ndiyo yanayoeneza korona. Masikini mnara! Hata wa 5G haukuwa. Mitambo yake iliishia 4G.

Basi chanjo ilipotoka, uvumi ulikuwa umeshatandika mkeka na kukaa. Tarehe 8 Desemba 2020, mjini Coventry, jirani tu na hapa, bibi Margaret Keenan wa miaka 90 alikuwa mtu wa kwanza duniani kuchomwa chanjo ya Pfizer nje ya majaribio. Picha yake ilienea kote. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili na majirani zao Wasomali na Wapakistani, yalienea mengine: chanjo ina nguruwe, inafunga uzazi, imetiwa kidude cha kumfuatilia mtu. Mara nyingi ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Inaanza na salamu, inafuata na kiapo, kisha “daktari” asiyetaja jina wala hospitali anawaomba wasikilizaji wasambaze kabla haijafutwa. Nguruwe hakuwemo, na chama cha madaktari Waislamu wa Uingereza kilisema hivyo mapema. Lakini taarifa ya chama husomwa. Sauti husikilizwa jikoni mtu akikaanga samaki.

Utafiti wa Novemba 2020 ulionyesha kwamba takriban asilimia 72 ya watu weusi waliohojiwa Uingereza hawakuelekea kuchanjwa. Wapo waliouita msimamo huo ujinga. Hawakuwatendea haki. Mwafrika wa huku anajua habari za Kano, Nigeria, ambako mwaka 1996 Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kesi zikaja kuishia kwenye fidia. Na Aprili 2020 aliwaona kwenye televisheni ya Ufaransa daktari na mtafiti wakizungumzia kufanyia majaribio Afrika. Aliyeng’atwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nyumbani nako hakukusaidia. Januari 2021 Rais Magufuli wa Tanzania alizitilia shaka chanjo hadharani akiwa Chato, na video ikatua kwenye simu za huku kabla ya chakula cha usiku.

Mwezi huohuo msikiti wa Al-Abbas, mtaa wa Balsall Heath hapa Birmingham, ulifungua milango yake kuwa kituo cha chanjo. Imamu wake, Sheikh Nuru Mohammed, mzaliwa wa Ghana, alijibu uvumi mmoja mmoja mbele ya waumini wanaomjua kwa sura. Tarehe 28 Julai Rais Samia, mrithi wa Magufuli, naye akachanjwa Dar es Salaam mbele ya kamera, na video hiyo nayo ikapita kwenye magrupu yaleyale.

Ile sauti ya daktari ingali inazunguka. Ikiwafikia huko, mwulizeni aliyeituma: daktari huyo ni nani, na anatibu hospitali gani?

Wasalaam.