AKIBA HAIOZI: MATEMBEZI YA KILIMA CHA HARLEM



Ifikapo mwisho wa mwezi wa Machi, nyumba nyingi za jamaa zetu hapa New York huingiwa na ukimya. Majibu ya vyuo vikuu yamefika. Chuo alichokitamani kijana kwa miaka kimemkataa, au kimemkubali kwa gharama ambayo wazazi hawaiwezi ila kwa mkopo wenye riba. Kilichobaki ni kile chuo cha akiba, yaani chuo cha umma kilicho karibu na chenye karo nafuu, ambacho kijana alikijazia fomu kwa kuwa tu aliambiwa ajaze. Mbele ya wenziwe huona haya hata kukitaja.

Mzazi mmoja alituomba tuzungumze na bintiye aliyefikwa na hali hiyo. Sisi tulioshika chaki kwa miaka mingi tunajua kwamba hotuba haiponyi moyo uliovunjika. Tukamwambia, "Mwanangu, hatukuja kukupa mawaidha. Twende tukakitazame." Akajibu kwa adabu, "Haya, Mwalimu," lakini uso wake ulisema mengine.

Tulipanda treni nambari 1, ile ya chini kwa chini, kuelekea kaskazini mwa Manhattan, tukashuka kituo cha Mtaa wa 137, kinachobeba jina la chuo chenyewe: City College. Kutoka hapo njia hupanda kilima, na mwenye magoti ya umri wetu na apande kwa subira. Huko juu, penye Convent Avenue, husimama majengo mfano wa ngome, ya jiwe jeusi la Manhattan lililopambwa kwa nakshi nyeupe za udongo wa kuchoma. Yalisanifiwa na George B. Post na kufunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Binti alisimama kimya akiinua macho, kisha akasema, "Nilidhani ni maofisi tu."

Tukaketi kwenye benchi tukamweleza habari za mahali pale. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1847 kwa kura ya wananchi wa jiji, ili watoto wa watu wa kawaida nao wapate elimu ya juu. Hakikutoza karo hadi mwaka 1976, jiji lilipokuwa hoi kifedha. Watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, waliobanwa na vyuo binafsi vilivyoweka kikomo cha idadi yao, walisoma hapa kwa wingi. Mmoja wao, Jonas Salk, alihitimu mwaka 1934, na chanjo yake ya polio ikatangazwa mwaka 1955. Andrew Grove, mkimbizi kutoka Hungaria, alifika Marekani mwaka 1957 na kuhitimu hapa uhandisi wa kemikali mwaka 1960. Baadaye aliiongoza kampuni ya Intel, na mwaka 2005 akakipa chuo dola milioni 26. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji wa Jamaika, alikubaliwa pia na Chuo Kikuu cha New York, ambacho ni cha binafsi. Kule gharama ilikuwa dola 750 kwa mwaka. Hapa ilikuwa dola 10. Akachagua hapa. Mambo yake ya vita vya Iraq vya mwaka 2003 kila msomaji ana hukumu yake. Sisi tunamtaja yule kijana wa mwaka 1954 aliyepiga hesabu sawasawa.

Binti akasikiliza, kisha akatoa la moyoni: "Lakini Mwalimu, kule nilikotaka, mtu akilisikia jina tu hustaajabu. Hapa nani atastaajabu?"

Hatukumkatalia. Jina la chuo lina uzito wake, na kumwambia kijana kwamba halina ni kumdanganya. Tulimkumbusha habari ya mtu wa kwetu. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, hakupata alama za kumwingiza Makerere. Akafanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu Mombasa, hadi alipopata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, ya udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkataa ikaja kumfanya profesa wake. Na kuanzia mwaka 1989 hadi kufariki kwake mwaka 2014, alikuwa profesa katika chuo cha umma cha jimbo hili la New York, kule Binghamton. Mlango wa kwanza ulipofungwa, hakukaa kizingitini akilia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndizo zinazonyima wazazi usingizi. Karo ya City College kwa mkazi wa jimbo imekuwa dola 6,930 kwa mwaka, ilhali baadhi ya vyuo binafsi, pamoja na malazi na chakula, hupita dola 80,000. Jimbo lina msaada wa karo uitwao TAP. Upo pia ule wa Excelsior ulioanza mwaka 2017, kwa familia ambazo pato lake halizidi dola 125,000. Lakini someni masharti: mwanafunzi sharti apate krediti 30 kila mwaka, na akishahitimu aishi katika jimbo kwa miaka sawa na ile aliyosaidiwa. Asipofanya hivyo, msaada hugeuka deni, ingawa halina riba. Kijana mwenye alama za juu na aulizie mapema Macaulay Honors College, mpango wa vyuo vya jiji ulioanza mwaka 2001, ambao humlipia mwanafunzi mkazi karo yote.

Tunawausia wazazi mambo matatu. Mwacheni kijana ahuzunike siku kadhaa. Alichopoteza ni kitu alichokifanyia kazi. Msimwambie "si tulikwambia," wala msimtajie mtoto wa fulani aliyepokewa penginepo. Kisha mpelekeni akione chuo kwa macho yake kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo siku ya mwisho ya kutoa jibu. Naye kijana ajue kwamba katika chuo kikubwa cha umma asiyebisha mlango wa mwalimu hatafutwi. Abishe.

Binti yetu hakushuka kilima akicheka. Ndani ya treni alituuliza jambo moja tu: kama maabara ya kemia hufunguliwa jioni. Tukamwambia aandike barua aulize mwenyewe, naye usiku ule akaandika.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Amin.