Kopo la Udhu Kando ya Mto Ragati

Msafiri wa pwani afikapo Karatina hudhani huku hakuna shida ya maji. Mji umekaa chini ya Mlima Kenya, katika kaunti ya Nyeri, na soko lake, miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini, limejaa kabichi, karoti na viazi vyenye udongo mbichi. Mto Ragati wateremka kutoka mlimani ukiwa baridi. Nani atahesabu kata za maji mahali kama hapo?

Wanahesabu. Katika nyumba ya Kiislamu niliyokaribishwa, kila ukingo wa paa una mfereji wa bati unaoelekea kwenye tangi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 500, ukitoa kidogo kinachopotea. Hiyo ni mitungi 25 ya lita 20, na hakuna aliyejitwika hata mmoja. Sisi tunaonunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, masika yakija huyaacha yakatiririka barabarani.

Bomba pia lipo, lakini watoto wa nyumba ile hutia udhu kwa kopo, juu ya beseni. Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano, hayo yamo katika Bukhari na Muslim. Bomba likiachwa wazi, mudi hiyo huisha mtu hajafika miguuni. Ibn Majah naye amepokea kwamba alimkanya Saad asifanye israfu katika udhu hata akiwa kwenye mto upitao. Wanazuoni wameisemea sanadi yake. Maana yake haina mgogoro.

Na beseni? Maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni tohara ingawa hayatoharishi tena. Hayafai kwa udhu wa pili, lakini sukuma wiki haiulizi. Ndiko yalikokwenda, pamoja na ya kuoshea mchele. Ya kusuuzia nguo yaliwekewa choo.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba, kwa nini taabu yote hii na mto uko hapo? Akanijibu, "Sheikh, si ndio huu unaokuja kwenu?"

Kweli. Ragati huingia Sagana, Sagana ikawa Tana, ikapita bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, kisha Garissa na Hola, kiasi cha kilomita 1,000 mpaka baharini Kipini. Mombasa hunywa ya Mzima na Baricho. Ndugu zetu wa Garsen hutegemea kinachobaki baada ya wa juu kuchukua chao.

Nyumba isiyo na tangi ianze na pipa moja chini ya ukingo wa bati. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, na pipa lifunikwe vyema, maana mbu wa dengi hupenda maji yaliyotulia.