Mfuko wa Pili

Ovaroli yangu ya kwanza ilikuwa na mfuko mmoja tu, pale kifuani. Humo iliingia pesa ya kuziba pancha, pesa ya plagi ya mteja, pesa ya unga wa nyumbani na pesa ya mkeka wa kubeti. Jioni nilitumbukiza mkono, nikatoa kilichobaki na kukiita faida.

Mimi ni fundi pikipiki Oldeani, chini ya mlima ambao Wamaasai waliupa jina la mianzi. Kazi huku haikosi. Msimu wa kahawa bodaboda hupeleka wachumaji alfajiri kwenye mashamba makubwa, yale ya tangu enzi za walowezi wa Kijerumani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiangazi vumbi jekundu linaziba filta ya hewa. Masika tope linakula cheni na brek shuu. Fundi anayelia njaa Oldeani aulizwe vizuri.

Nami niliulizwa. Mzee mmoja aliniachia Boxer yake pamoja na hela ya cheni na sproketi. Wikiendi ile niliona mechi saba nyepesi. Sita zilitiki, ya saba ikauchana mkeka. Jumatatu mzee alikuja kwa miguu, Jumanne vilevile, na Jumatano, nami wimbo wangu ni mmoja: spea haijafika kutoka Karatu. Siku ya nne nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi juu ya tairi kuukuu. "Mwanangu, kama hela umeila niambie, nikatafute nyingine. Mjukuu wangu anakwenda shule kwa miguu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa na jibu.

Usiku nilimweleza mke wangu yote. Hakusema neno. Alikata mfuko kwenye jinzi langu la zamani, akaushona upande wa kushoto wa ovaroli. "Kulia gereji, kushoto wewe. Mkono ukikosea njia, usinifiche." Asubuhi akanipa daftari.

Watu hupenda kusikia kwamba niliacha siku hiyohiyo. Sikuacha. Wiki ya kwanza niliandika kila kitu isipokuwa mikeka, hesabu zikagoma kukaa, mke wangu akalizungushia pengo kalamu nyekundu. Wiki ya pili niliandika ukweli: shilingi 41,000 zimekwenda kubeti. Na mimi ndiye niliyekuwa nanunua oili chupa mojamoja kwa bei ya rejareja, nikiwaambia watu mtaji hamna!

Kubeti kulikuwa kunaniibia na asubuhi. Mechi za Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku. Ukizisubiri, gereji unaifungua saa tatu. Saa tatu bodaboda zimeshapita kitambo, na aliyehitaji kukaziwa cheni ameshakaziwa na fundi mwingine. Sasa saa kumi na moja na nusu nipo, tochi mdomoni, baridi ya mlimani ikinikata vidole. Wateja wa alfajiri hawabishani sana bei, wana haraka. Hao ndio walioninunulia katoni ya kwanza ya oili, kisha boksi la tyubu, kisha kompresa ya mtumba. Mwaka huu nina kijana anayejifunza kazi, na ovaroli yake ina mifuko miwili tangu siku ya kwanza.

Mzee nilimlipa kwa cheni mpya, na brek shuu juu yake. Bado analeta Boxer kwangu, ila hela ya spea haachi tena. Ananunua mwenyewe Karatu, ananiletea mkononi. Sijamuuliza kwa nini.

Jumamosi iliyopita daftari lina mstari huu: mkeka, 1,000. Mke wangu aliusoma, akalifunga, akauliza kama tyubu za Jumatatu zinatosha.