Huko Machame Ndege Ndio Saa

Ukisafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Arusha utafika njia panda ya Machame, katika Wilaya ya Hai. Shuka hapo, upande gari jingine liendalo kaskazini, kuelekea mlimani. Kwanza utapita mashamba ya mahindi yenye jua kali. Kisha barabara itapanda, hewa itapoa, na migomba itasogea pande zote mbili hata usione tena nyumba, ila bati za mapaa zinazong'aa hapa na pale. Ukiamka alfajiri, kabla ya mawingu, utakiona kilele cha Kibo na theluji yake. Jua likipanda, mara nyingi kitakuwa kimekwisha kujifunika.

Wageni wengi hupita Machame mbiombio, maana moja ya njia za kupandia mlima huanzia huko juu, nao wana haraka ya kufika kileleni. Mimi nakuomba usiende mbio. Ukipata mwenyeji, kaa naye siku mbili katika ua wake, utazame na kusikiliza. Wala usidhani kwamba wanyama wa nchi yetu wako Serengeti na Ngorongoro tu.

Ua wenyewe ni kihamba. Kama hukijui, ni shamba lizungukalo nyumba ya Mchaga, analorithi kwa baba yake. Juu kabisa kuna miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga. Mpaka wake ni masale, mmea ambao Wachaga huuheshimu sana na huutumia hata katika kuombana msamaha. Maji huletwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni. Ng'ombe hukaa bandani, naye huletewa majani na vipande vya migomba. Basi kwa kuwa kuna miti, maji na kivuli, viumbe wengi hukaa humo pamoja na watu.

Jogoo huanza. Halafu, kabla jua halijatoka, huja kwarara, ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, akipita juu ya paa na kupiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Hapo ng'ombe naye huanza kuita, na paka huja kukaa karibu na ndoo ya maziwa bila kuitwa na mtu. Jua likipanda kidogo, kima hushuka kutoka mitini kutazama kama kuna mkungu ulioiva na kama mbwa amelala. Mchana kukiwa kimya, tazama matawi ya kahawa: huenda ukamwona kinyonga akitembea kama mgonjwa. Watoto humkimbia, lakini hana sumu. Jicho lake moja laweza kutazama mbele na lingine likatazama nyuma wakati ule ule, na ulimi wake akiutoa kukamata nzi huwa mrefu kuliko kiwiliwili chake.

Jioni ni zamu ya hondohondo. Hao ni ndege wakubwa weusi, wenye mdomo mnene uliobeba pembe juu yake. Wakiruka, mabawa yao husikika yakivuma kabla hujawaona. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Kwa majuma mengi dume humletea matunda na kumpitishia katika ufa ule. Usiku ukiingia, komba hulia mitini kama mtoto mchanga, na mgeni asiyemjua hawezi kulala.

Katika nyumba niliyokaribishwa alikuwamo bibi mmoja, mama wa mwenye nyumba, aliyepita miaka themanini. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamweleza. Tukanywa chai, akaniuliza tena, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kabla ya jua kutua aliniuliza mara nne, na kila mara kwa upole ule ule. Funguo za ghala huzitia ndani ya chungu, kisha nyumba nzima ikazitafuta. Mbwa wa nyumba huitwa Simba, lakini yeye humwita Chui, jina la mbwa aliyekufa zamani. Simba huitikia majina yote mawili, akatikisa mkia.

Lakini sikiliza hili. Jioni ile, hondohondo walipoanza kupita, bibi alisimama mwenyewe akasema, "Hawa wanakwenda kulala. Fungeni kuku." Akaenda bandani akamtupia ng'ombe majani, akarudi, akahesabu kuku, naye hakukosea. Asubuhi, kwarara alipopiga kelele, nikamkuta amekwisha kuamka, ameshika ndoo. Hajui leo ni Jumatatu au Ijumaa. Lakini ajua kwamba sasa ni wakati wa kukamua, na ajua kwamba kazi hiyo ni yake.

Mkwewe alinisimulia mambo mawili. Mwaka uliotangulia, mtoto mkubwa alimchukua bibi akakae naye Dar es Salaam, kwa nia njema kabisa, ili awe karibu na hospitali kubwa. Huko alipewa chumba kizuri na luninga. Hakuona ng'ombe, wala kwarara hakupita. Siku ya tano alitoka nje ya geti kwenda kukata majani ya ng'ombe, akapotea kutwa nzima, na wasamaria wema wakamkuta amekaa kando ya barabara analia. Wakamrudisha Machame.

Jambo la pili: usiku mmoja huko Machame bibi alitoka kimya watu walipolala, akafuata mfongo gizani. Simba akamfuata, akabweka mpaka watu wakaamka na kumkuta ameketi ukingoni, miguu majini. Tangu siku ile komeo la mlango limewekwa juu. Na tangu siku ile jirani mmoja amekuwa akinong'ona: mzee gani huyo atembeaye usiku, kama si mchawi?

Msomaji mpenzi, neno hilo ni baya, na katika nchi yetu limewaua wanawake wazee wasio na kosa lolote. Basi tuseme ukweli. Katika Wilaya hii hii ya Hai, mwaka wa 2009 na 2010, wataalamu waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliona kwamba kama sita katika kila mia wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile kikohozi kilivyo ugonjwa wa kifua. Aina yake iliyo kubwa kuliko zote huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeieleza mara ya kwanza mwaka wa 1906. Kwa kawaida mtu hupoteza kwanza mambo ya jana na juzi, lakini mambo ya ujana na kazi za mikono hukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana bibi hakumbuki jina langu, lakini akumbuka jina la mbwa wa zamani.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Hata hivyo usikae tu na mzee wako nyumbani. Mpeleke hospitali apimwe, kwa kuwa kusahau kwingine hutokana na homa, upungufu wa vitamini, huzuni kubwa, au dawa anazotumia, na kwaweza kutibiwa. Tena, huko huko Hai, baadaye wazee wenye ugonjwa huu walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa majuma 7, wakazungumza, wakacheza na kukumbuka mambo ya zamani. Walipopimwa tena, akili zao zilionekana zimechangamka. Basi kumpa mzee kazi anayoiweza si kumtesa. Kumketisha kutwa nzima bila neno wala kazi ndiko kumzika angali hai.

Nilipoondoka, jambo la bibi lilikuwa halijaamuliwa. Kama ijulikanavyo, Wachaga walio mbali hurudi nyumbani mwezi wa Desemba, na kikao cha watoto kitakuwa wakati huo. Mmoja ataka mama arudi mjini. Mwingine asema wakodi mtu wa kumwangalia pale pale kihambani. Mkwewe, ambaye ndiye amwogeshaye na kumtafutia funguo, hakuniambia ataka lipi. Aliniambia tu kwamba amechoka, na kwamba hakuna aliyemwuliza.

Kama na wewe una mzee asahauye, nakupa ushauri wa watu wa Machame, maana ndio nilioubeba kutoka huko. Mtu yule anayemhudumia kila siku, mwulizeni yeye kwanza, tena mpeni siku ya kupumzika. Wekeni komeo mahali mzee asipopafikia, na mwanga kidogo njiani. Mwacheni mbwa alale karibu na mlango wake. Akilitaja jina la zamani, msimkemee. Na kabla hamjamhamisha kwenda mbali, kaeni naye siku moja uani, kuanzia jogoo mpaka komba, mhesabu ni kazi ngapi bado azifanya bila kuambiwa. Idadi hiyo muiseme mbele ya kikao.