Imla ya Kila Asubuhi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako kutoka Nyakahura, Biharamulo, imenifikia, na nimefurahi sana kusikia umepewa darasa la kwanza. Umeniuliza huku Uingereza wanafanyaje hadi mtoto wa miaka sita anajisomea kitabu mwenyewe. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi hapa Leeds, basi nikueleze ninachokiona.

Kila mtoto ana kibao kidogo cheupe na kalamu ya wino unaofutika. Mwalimu anatamka neno. Watoto wanalirudia, wanahesabu sauti zake kwa vidole, wanaandika, kisha wanainua vibao juu. Baadaye inakuja sentensi fupi: wanaisema mara mbili tatu mpaka ikae kichwani, ndipo wanaiandika. Imla hiyo si hiari ya mwalimu. Mtaala wa taifa ulioanza kutumika 2014 unataka mtoto wa mwaka wa kwanza aandike sentensi anazosomewa. Tena, tangu 2012, kila Juni watoto hao husoma maneno 40 mbele ya mwalimu, nusu yake ya kubuni tu, ili ijulikane nani anasoma na nani amekariri.

Nawahurumia. Kiingereza kina sauti kama 44 na herufi 26, na sauti moja huweza kuandikwa kwa namna nne au tano. Wewe una Kiswahili, kinachoandikwa kama kinavyotamkwa. Ndiyo maana inaniuma kuona kwetu imla imeachwa iwe jambo la siku ya mtihani, kumi kwa kumi au viboko. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 ulisisitiza kuanza na sauti za herufi, na ulifanya vizuri. Lakini darasani bado tunapenda kiitikio: ba, be, bi, bo, bu, sauti mia zinapaa kwa pamoja, na mgeni akipita nje anaona watoto wanajua. Aliye nyuma anafungua mdomo tu kwa kufuata wenzake. Mwambie aandike "bibi" peke yake, utajua papo hapo.

Na kosa lake lisome vizuri kabla ya kulifuta. Mtoto aliyelelewa kwa Kihangaza kule kwetu Ngara akiambiwa "kalamu" huweza kuandika "karamu", kwa sababu lugha ya nyumbani haitenganishi l na r. Sasa wewe hapo Biharamulo unao pia watoto wa Kisukuma, ambao wataivuta r iwe l: utasema "karamu", uletewe "kalamu". Kosa ni moja limegeuzwa, na wote wawili wameandika kwa uaminifu kile masikio yao yalichosikia. Kuwachapa hakutawasaidia. Watamkie maneno hayo mawili, uwaonyeshe ulimi unavyokaa, wayatamke wenyewe, kisha waandike tena. Anayeandika "buzi" badala ya "mbuzi" naye hajasikia ile m ya mbele. Mwambie afumbe midomo kwanza, aisikie inavyovuma.

Najua utaniuliza, nitasahihishaje daftari za watoto mia na zaidi? Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yamefurika, na sitaki kukupa ushauri wa watu wenye watoto 30. Usisahihishe zote. Tamka maneno matano tu kila asubuhi, yote ya sauti mliyojifunza wiki hiyo, usichanganye. Wakimaliza, andika jibu ubaoni, kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya risasi akiwa bado analikumbuka neno. Wewe pita safu moja tu kwa siku, uangalie kwa macho yako. Kesho safu nyingine. Daftari zikikosekana, uwanja wa shule una vumbi la kutosha kuandikia kwa kidole. Ijumaa waongezee neno moja la kubuni, "nyefo" au "bimo". Hilo hakuna aliyelikariri.

Ng na ng' usizifundishe wiki moja, nakusihi. Waache wazoee "ngoma" vizuri kabla ya kuwaletea "ng'ombe".

Mpelekee mama shikamoo yangu ukienda nyumbani Rulenge. Na wewe uniandikie kila mwisho wa mwezi maneno wanayokosea zaidi, ukitenga watoto wa Kisukuma na wengine, tuyapitie pamoja.

Dada yako,
Leeds