Leza imara? Imara kwa muda gani?

Leo naweka programu kando kidogo. Kazi ya seva imenifanya nipende mambo ya saa, na ukizifuatilia saa hadi mwisho utajikuta kwenye leza.

Kila nikisoma tangazo la leza "imara", huwa nauliza: imara kwa sekunde moja au kwa mwezi mzima? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chukua leza ya heliamu na neoni, ile nyekundu ya maabara. Mwanga wake hutikisika karibu mara trilioni 474 kwa sekunde, na masafa hayo hufuata umbali kati ya vioo viwili vilivyo ndani. Chumba kikipata joto, bomba linarefuka kidogo, masafa yanashuka.

Dawa ya kwanza ni kuifunga leza kwa jozi nyingine ya vioo, iliyo tulivu zaidi. PTB ya Ujerumani na JILA ya Marekani walitumia kipande cha silikoni cha sentimita 21, kikapozwa hadi nyuzi -149, mahali ambapo silikoni hairefuki wala haifupiki. Mwaka 2017 walitangaza leza ambayo upana wa masafa yake haufiki hezi 0.01. Nilibaki mdomo wazi.

Lakini vifaa vingi vya aina hii ni vya glasi, na glasi husinyaa polepole mwaka hadi mwaka. Tuseme masafa yanateleza hezi 0.1 kila sekunde: kwa siku ni hezi 8,640. (Jaribu kuiona hiyo kwenye logi ya dakika tano!)

Kwa hivyo siku na miezi huachiwa atomi, kwa mfano za strontiamu. Leza husogezwa kidogo huku, kidogo kule. Zikiitikia zaidi upande mmoja, programu inairekebisha. Atomi haizeeki. Ila husomwa kwa awamu, na katikati ya awamu ni vile vioo vinavyoishikilia leza. Wenye seva mshaitambua: ni NTP hii, kristali ya kompyuta na seva ya mbali wakisaidiana.

Sekunde yetu, tangu 1967, ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mikrowevu ya seziamu. Kuna mpango wa kuihamishia kwenye mwanga. Hapo leza hizi zitatakiwa kukaa zikifanya kazi mwezi baada ya mwezi, na nionavyo mimi, kinachowasumbua wataalamu ni kile kile kinachotuamsha sisi usiku: aptaimu.